Sultani wa Kilwa Asiye na Sanamu

Katika shule yetu hapa Terrat, siku moja tulipokuwa tukifundisha habari za wafalme wa kale, tuliwaonyesha watoto picha ya sanamu ya Mfalme Alfred, isimamayo katika mji wa Winchester, Uingereza. Mtoto mmoja aliitazama sana picha ile, kisha akauliza, "Mwalimu, na sisi je? Wafalme wetu wa zamani zile, sanamu zao ziko wapi?" Tukamjibu kwa haraka ya kwamba watu wetu hawakuwa na desturi hiyo, tukaendelea na somo. Lakini jibu lile halikuturidhisha sisi wenyewe. Tangu siku hiyo tumelifikiri jambo hili, na sasa tumeona vema kuwaandikia wasomaji wa gazeti hili, maana huenda hata majumbani mwenu watoto huuliza vivyo hivyo.

Kwanza na tuitazame hiyo sanamu yenyewe. Alfred alikufa mwaka 899. Hapo mbeleni watu walidhani ya kuwa alikufa mwaka 901, na kwa sababu hiyo sanamu yake ya shaba ilisimamishwa mwaka 1901, ili kutimiza miaka elfu. Mchongaji wake, Hamo Thornycroft, hakumwona Alfred, wala babu ya babu yake hakumwona. Hapana ajuaye uso wa mfalme yule ulikuwaje. Amefanywa mtu mwenye ndevu, aliyeinua upanga juu huku ameushika penye makali, hata mpini wake waonekana kama msalaba. Basi uso ule umebuniwa. Kilicho kweli katika shaba ile ni fikira za watu wa mwaka 1901, jinsi walivyopenda mfalme wao awe.

Iko na nyingine katika London, mbele ya nyumba ya Bunge: Mfalme Richard juu ya farasi. Aliyeifanya ni Marochetti, mzaliwa wa Italia, nayo iliwekwa mahali pale mwaka 1860. Richard alitawala miaka 10, toka 1189 hata 1199, na katika hiyo yote akakaa Uingereza yapata miezi sita tu. Siku zake nyingine zilikwenda katika vita na safari na kifungo. Mwaka 1940 bomu la Wajerumani lilianguka karibu, upanga wa sanamu ukapindika, usivunjike, na Waingereza wakafurahi kuona hivyo kama kwamba ni ishara. Hatusemi haya kwa kuwacheka. Twasema ili msomaji ajue ya kwamba sanamu ya mfalme wa Zama za Kati si habari za mfalme huyo tu, bali ni habari za hao walioisimamisha, na mara nyingi zaidi ni zao kuliko zake.

Sasa turudi kwetu. Mtoto yule aliuliza kana kwamba hatukuwa na wafalme wa zamani zile. Walikuwako. Tukimtafuta mmoja ambaye jina lake limeandikwa, na miaka yake yajulikana, na nyumba yake ingaliko, twampata upande wa kusini wa nchi yetu hii ya Tanzania, katika kisiwa cha Kilwa, mkoa wa Lindi. Jina lake ni Hasan bin Sulaiman, na watu walimpa jina la sifa, Abu al-Mawahib, maana yake baba wa vipawa. Alitawala tangu karibu na mwaka 1310 hata karibu na mwaka 1333.

Kilwa siku hizo ulikuwa mji mkubwa kupita yote ya pwani. Utajiri wake ulitoka mbali: dhahabu ilichimbwa katika nchi za bara, kusini ya mto Zambezi, ikaletwa Sofala pwani, na kutoka Sofala majahazi yakaileta Kilwa. Wenye Kilwa walikuwa wamekwisha kuishika biashara ile, wakatoza ushuru. Tena zilikuja pembe za ndovu. Majahazi ya Arabuni na Uajemi na Bara Hindi yalikuja kwa pepo za kaskazi, yakarudi kwa kusi, yakileta nguo na shanga na vyombo vya udongo, hata vya China. Walio Waislamu mjini walijenga msikiti mkubwa wa mawe ya matumbawe na chokaa, na msikiti huo waonekana hata leo, nguzo zake na kuba zake.

Kitabu cha kale cha habari za Kilwa, kilichoandikwa kwa Kiarabu baada ya Wareno kuja, chasimulia ya kuwa Hasan alipokuwa kijana alikwenda kuhiji Makka, akakaa Aden miaka miwili akijifunza elimu ya dini. Aliporudi alikuta nduguye Daud ameketi mahali pake kumlindia kiti, na Daud akaondoka, akampisha. Hili ni jambo la kusifiwa, kwa kuwa si wengi wanaorudisha kiti walichokwisha kukikalia. Tutamkuta Daud tena, na hapo hatasifiwa.

Hasan alijenga. Aliupanua ule msikiti mkubwa, akauongezea chumba chenye kuba pana. Tena mbali kidogo na mji, upande wa mashariki, juu ya jabali lililo kando ya bahari, alijenga nyumba ya kifalme iitwayo leo Husuni Kubwa. Vyumba vyake vyapita mia. Iko ngazi ishukayo hata baharini, na nyua za kuwekea bidhaa, na birika la kuogea lenye pembe nane. Mtaalamu Mwingereza, Neville Chittick, aliyechimba magofu yale katika miaka ya 1960, alipata humo jiwe lililochongwa maandishi ya Kiarabu, na katika maandishi hayo limo jina la Hasan bin Sulaiman. Basi hapa hatutegemei masimulizi peke yake: jiwe lenyewe lamtaja mwenye nyumba. Lakini nyumba ile haikupata kwisha kujengwa sawasawa, na waliokuja baada yake hawakukaa humo siku nyingi.

Mwaka 1331 akafika Kilwa msafiri mmoja, Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Maroko. Mtu huyu alizunguka dunia ya Waislamu karibu yote, na alipokuwa amerudi kwao aliyasimulia mambo aliyoyaona, yakaandikwa kitabu, kikatimia mwaka 1355. Ameisifu Kilwa kuwa ni katika miji mizuri na iliyojengwa vema. Alimwona Sultani Hasan kwa macho yake, akamsifu kuwa mtu mnyenyekevu, aketiye pamoja na mafakiri, alaye nao, na kuwaheshimu watu wa dini. Kisha akasimulia habari moja ambayo tutaieleza kwa maneno yetu, maana katika hiyo ndimo lilimo swali letu lote.

Siku ya Ijumaa Sultani alikuwa akitoka msikitini kurudi nyumbani kwake. Njiani akakutana na fakiri mmoja wa Yemen. Fakiri akamwita kwa jina lake la sifa, akamwomba nguo zile alizozivaa. Sultani akakubali. Fakiri akasema azitaka saa ile ile. Sultani hakukasirika, alirudi msikitini, akaingia chumba cha khatibu, akazivua nguo zake na kuvaa nyingine, akamwita fakiri aje kuzichukua. Fakiri akazifunga, akajitwika kichwani, akaenda zake. Watu wakastaajabu sana, wakamsifu Sultani. Mwanawe, ambaye alikuwa mrithi wake, akamfuata fakiri, akazikomboa nguo za baba yake, akampa badala yake watumwa kumi. Naye Sultani aliposikia jinsi watu walivyolisifu tendo lile, aliamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine, na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Wasomaji wetu Wakristo, katika habari hii mtakumbuka mara moja Yohana Mbatizaji na mafundisho yake juu ya mtu mwenye kanzu mbili. Sisi nasi tulikumbuka hivyo, na tulipoanza kuwasimulia watoto, nyuso zao ziling'aa. Mfalme kuvua nguo zake na kumpa maskini wa njiani! Wakasema sanamu yake ingefaa kufanywa akiwa ameinyosha mikono, na kanzu juu ya mikono. Tulipofika penye watumwa kumi wakanyamaza. Kisha yule yule aliyeuliza kwanza akauliza tena: "Na hao kumi walikuwa nani?"

Ibn Battuta hakuandika majina yao. Lakini amesema mahali walikotoka watu wa namna yao. Asema ya kwamba Sultani alikuwa akipiga vita mara kwa mara katika nchi za watu weusi wa bara wasiokuwa Waislamu, akateka nyara, na sehemu ya tano ya nyara hizo akaiweka kando kwa matumizi ya dini, kama sheria yao ilivyoagiza; na masharifu wakaja kutoka Hijazi na Iraki na kwingineko, wakapewa kutoka fungu hilo. Basi ukarimu ule ulikuwa na chimbuko lake. Mkono uliotoa kanzu msikitini ndio uliopeleka watu bara kwa silaha. Fakiri wa Yemen aliondoka na watu ishirini, na kila mmoja wao alikuwa na mama yake mahali fulani.

Hapa twapaswa kujihadhari, tusije tukafanya hila. Ni rahisi kwa mwalimu Mkristo kumhukumu Sultani Mwislamu aliyekufa karibu miaka 700 iliyopita, na kuwasahau Wakristo. Tusiwasahau. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu za vita, akamtisha Amiri Ibrahim, aliyekuwa akitawala, hata akatoa dhahabu kuwa kodi kwa mfalme wa Ureno. Mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida na majeshi. Wakauteka mji, wakaunyang'anya mali, wakajenga ngome, kisha mwaka 1512 wakaiacha. Na ile dhahabu ya 1502 iliendaje? Mfalme Manuel aliamuru ifanywe chombo cha kanisa, kile ambacho Wakatoliki hukitumia kuwaonyesha waaminifu Mkate Mtakatifu. Kilikwisha mwaka 1506, na maandishi yake yenyewe yasema ya kuwa kimefanywa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Kazi yake ni nzuri ajabu. Kimewekwa Lisbon katika nyumba ya makumbusho ya taifa, na watu waenda kukitazama. Dhahabu iliyotolewa kwa vitisho ikawekwa madhabahuni. Hatujui twaweza kusema nini zaidi juu yake.

Vasco da Gama hakukosa sanamu. Katika Lisbon, ukingoni mwa mto, limesimama jengo kubwa la mawe la mwaka 1960 lenye sanamu za wasafiri wa Kireno, naye yumo. Hata Malindi, katika nchi ya Kenya, ingaliko nguzo yenye msalaba ambayo wageni huoneshwa kuwa ni nguzo yake. Hivyo aliyekuja Kilwa kuchukua amechongwa katika jiwe, na yule aliyesifiwa kwa kutoa hana hata kinyago.

Kwa nini hana? Sababu ya kwanza yajulikana na kila mtu akaaye jirani na Waislamu: dini yao hukataza kufanya mifano ya watu, na Sultani aliyekwisha kujifunza Aden asingekubali kuchongwa. Sisi nasi tunayo amri ya pili, na twaikumbuka habari ya Nebukadreza aliyesimamisha sanamu ya dhahabu katika uwanda wa Dura. Badala ya uso, watu wa Kilwa waliacha maandishi. Walipiga sarafu za shaba, upande mmoja jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kumtumainia Mungu, na maneno hayo yalichaguliwa ili vina vilingane na jina. Yaani mtu aliyekwenda sokoni kununua samaki alikuwa na mashairi mkononi. Hasan alipiga sarafu za shaba nyingi, na hata za dhahabu zimepatikana chache zenye jina lake.

Na sarafu ina miguu kuliko sanamu. Katika mwaka 1971 ilipatikana sarafu moja ya shaba yenye jina la Hasan bin Sulaiman mahali paitwapo Zimbabwe Kuu, penye zile kuta za mawe zilizojengwa bila chokaa, mbali sana na bahari, katika nchi ile ile ya dhahabu. Hapana mtu awezaye kusema ilipita mikono mingapi. Thamani yake sokoni ilikuwa ndogo. Nadhani aliyeichukua aliipenda tu.

Katika nchi yetu tumepata kuona jinsi sanamu zinavyokwenda na kurudi. Wajerumani walimsimamisha Wissmann katika Dar es Salaam mwaka 1909, akitazama bahari, na chini yake askari Mwafrika. Vita vya kwanza vilipowatoa Wajerumani, Waingereza wakamwondoa. Akapelekwa Ulaya, na mwaka 1922 akawekwa Hamburg penye Chuo Kikuu. Huko wanafunzi wakamwangusha mwaka 1968. Mahali pa katikati ya Dar es Salaam akawekwa mwaka 1927 Askari wa shaba mwenye bunduki, ambaye angalipo, na maandishi yake yamo kwa Kiingereza na Kiarabu na Kiswahili. Huyu hana jina, na kwa kuwa hana jina amewachukua wengi. Sisi tuonavyo, ndiyo sababu hapana aliyetaka kumwangusha.

Kwetu huku Arusha wazee hawakuwa na haja ya shaba. Wamaasai na Waarusha huzihesabu zamani kwa marika: ukimwuliza mzee jambo lilikuwa lini, atakuambia lilikuwa rika fulani lilipokuwa morani, na kwa njia hiyo Mbatiany, yule laiboni mkuu aliyekufa karibu na mwaka 1890, yu hai katika maneno ya watu kuliko wafalme wengi waliopanda farasi wa shaba. Lakini njia hii nayo ina mpaka wake. Nendeni Engaruka, chini ya ule ukuta wa Bonde la Ufa, wilaya ya Monduli. Mtaona mashamba ya matuta yaliyozungushiwa mawe, na mifereji iliyopeleka maji kwa akili nyingi, kazi ya mamia ya miaka, iliyoachwa karibu na mwaka 1700. Maelfu ya watu waliishi pale. Hatuna jina la mtu wao hata mmoja, wala mkubwa, wala mdogo. Hawakupiga sarafu, wala hawakuchonga maandishi, na marika yao yamesahauliwa pamoja nao.

Basi tukirudi kwa Hasan, wako watu wa siku hizi wasemao ya kuwa nchi yetu ingefanya vema kumsimamishia sanamu, ili watoto wajue ya kwamba tulikuwa na wafalme na miji. Nia yao twaiheshimu. Lakini uso wake ungebuniwa kama wa Alfred, na wenye dini yake wangechukizwa, na sisi wa bara tungeulizwa tuinamishe vichwa mbele ya mtu aliyewateka wa bara. Kama hata hivyo ikiamuliwa, ombi letu ni moja: wasimfanye peke yake na kanzu. Wawekwe na wale ishirini, hata kama ni wadogo, hata kama hawana majina, nao wakiwa na nyuso.

Daud, aliyetawala baada ya Hasan kufa, amesimuliwa na Ibn Battuta kuwa mtu wa namna nyingine. Fakiri akija kuomba, alimwambia ya kuwa mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutoa, na wageni wakakaa miezi mingi mlangoni pake wakingoja, hata wakaacha kuja kabisa. Ibn Battuta anamlaumu. Sisi tumeisoma habari hii mara nyingi, na mara nyingine tumejiuliza kama labda Daud alikuwa amehesabu tu kilichomo ghalani. Tena hatujaona imeandikwa ya kuwa alipeleka vita bara kama nduguye. Ibn Battuta alikuwa mgeni, na mgeni humpima mwenye nyumba kwa kile alichopewa.

Mtu atakaye kuyaona haya kwa macho yake ashike njia ya Dar es Salaam, kisha aende kusini karibu kilomita 300 hata Kilwa Masoko. Hapo kuna mashua za kuvukia kisiwani, na safari yenyewe si ndefu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliandikwa mwaka 1981 katika orodha ya urithi wa dunia, na kwa miaka 10, toka 2004 hata 2014, yalihesabiwa kuwa katika hatari, kwa sababu bahari na mvua na miti vilikuwa vikizila kuta, kisha zikatengenezwa. Ukitoka msikiti mkubwa, fuata njia ya mashariki juu ya jabali. Birika la pembe nane liko wazi juani, halina maji. Ukiteremka kidogo utaiona bahari ile iliyoleta majahazi, na ng'ambo yake nchi ya bara.